Maswali na majibu: "Ja" ya Wafini na "ja" ya Wapolandi

"Ja" kwa Kifini ni "na", kwa Kipolandi ni "mimi". Je, ni neno moja?

Hapana. Wafini na Waestonia waliikopa "ja" yao zamani kutoka lugha za Kijerumaniki, jamii ya Kijerumani na Kiingereza; Kigothi, lugha ya kale ya jamii hiyo, kiliandika "jah" kwa maana hiyohiyo. Ya Waslavi, yaani Wapolandi, Warusi na jamaa zao, ina asili nyingine kabisa. Kislavi cha kale cha kanisani kilikuwa na "azŭ", yaani "mimi", ndugu wa "ego" ya Kilatini. Wabulgaria husema "az" mpaka leo, Waslovenia "jaz". Kipolandi na Kirusi vilidondosha konsonanti ya mwisho, ikabaki "ja". Warusi huiandika kwa herufi moja, Я, ya mwisho katika alfabeti yao, ilhali "az" lilikuwa jina la herufi ya kwanza. Anayetazama umbo la leo tu hataona lolote kati ya haya.

Kifini si Kislavi? Mbona Ufini inapakana na Urusi?

Nimelijibu hili mara nyingi mno. Ni lugha ya Kiurali, pamoja na Kiestonia, Kisami (cha Wasami wa kaskazini mwa Ulaya) na Kihungaria. Mpaka wa nchi hauzai lugha.

Nimeona video inayosema "mimi" yetu na "minä" ya Kifini, yenye maana hiyohiyo, ni ndugu.

Si ndugu, na tafadhali usiisambaze. Undugu wa lugha hauthibitishwi kwa neno moja linalofanana. Huthibitishwa kwa sauti zinazotofautiana kwa kanuni. Samaki kwa Kifini ni "kala", kwa Kihungaria "hal". Tatu ni "kolme" na "három". "Kota" ni kibanda, "ház" ni nyumba. Katika maneno ya urithi, K ya Kifini mbele ya a, o au u hukutana na h ya Kihungaria. Msomi Mhungaria Sajnovics alitetea undugu wa Kihungaria na Kisami mwaka 1770. Mhungaria mwenzake, Gyarmathi, akaujenga juu ya sarufi mwaka 1799. Shule zetu zingefundisha kanuni za namna hii kwa lugha za Kibantu, vijana wasingemeza kila asili ya neno inayobuniwa mtandaoni.

"Na" kwa Kihungaria ni nini?

"És".

Mbona mfalme ni "király" kwa Kihungaria na "korol" kwa Kirusi?

Hapo kuna mkopo, na mkopo si undugu: Kiswahili kimejaa Kiarabu na bado ni Kibantu. Waslavi walilitoa neno hilo katika jina la Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki aliyefariki mwaka 814. Wahungaria wakalipokea kwa Waslavi, kama walivyopokea "szerda", "csütörtök" na "péntek", yaani Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.