Maswali ya Wasomaji: Kirusi Kinachosafiri Ndani ya Flashi

Barua za mwezi huu zimetoka Iringa, Makambako, Tukuyu na Mbeya mjini. Naanza na ya Iringa, kwa sababu swali lake ndilo ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote.

SWALI: Nina steshenari ndogo Kihesa. Wanafunzi huniletea flashi ili niwachapie kazi zao na fomu za maombi ya mkopo. Siku hizi kila flashi inayochomekwa kwenye kompyuta yangu, mafolda yake yote yanageuka kuwa njia za mkato zenye kishale, na wateja wananilaumu kwamba nimewafutia kazi. Flashi zangu mwenyewe nimeziformati mara tatu, lakini tatizo linarudi. Nifanye nini? (Mwenye steshenari, Iringa)

JIBU: Kazi za wateja wako hazijafutwa, na nakuomba usiformati flashi nyingine kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, maana hapo ndipo zitakapopotea kweli. Kirusi cha aina hii huyapa mafolda halisi alama ya kufichwa na alama ya kuwa mali ya mfumo, ili Windows isiyaonyeshe, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale na picha ile ile ya folda. Mwanafunzi anapobofya, njia hiyo huendesha kwanza kijiprogramu cha kirusi na ndipo humfungulia folda lake, hivyo anaiona kazi yake kama kawaida wala hashuku lolote.

Ujanja huu una historia. Zamani Windows iliweza kuendesha yenyewe programu iliyomo ndani ya flashi mara tu inapochomekwa, na kirusi kiitwacho Conficker, kilichoibuka mwishoni mwa 2008, kilitumia mwanya huo pamoja na mingine kuenea duniani. Windows 7 ilipotoka 2009 ilikuwa imekwisha kuufunga mlango huo kwa upande wa flashi, na mwaka 2011 Microsoft iliufunga kwenye matoleo yaliyotangulia pia. Tangu hapo, kwa kawaida, kirusi cha flashi kinahitaji mkono wa mtu ukibofye, na ndiyo maana kinajivika sura ya folda la mwanafunzi mwenye haraka ya kukusanya kazi kabla ya saa kumi.

Kwako kinarudi kwa sababu unasafisha flashi ilhali kirusi kimetulia ndani ya kompyuta. Anza na kompyuta: chomoa flashi zote, isasishe programu ya ulinzi iliyokuja na Windows, kisha chagua ukaguzi ule (Offline scan) unaoizima na kuiwasha kompyuta ili ikaguliwe kabla Windows haijaamka, kwani wakati huo kirusi hakina pa kujificha. Baada ya hapo chomeka flashi ya mteja, usibofye chochote ndani yake, ikague, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka badala ya E herufi ya flashi hiyo. Mafolda yatajitokeza. Futa njia za mkato na faili lolote usilolifahamu linaloishia na .vbs, .js au .exe. Ukiona folda lisilo na jina kabisa usilifute kwa hasira, maana kuna aina za kirusi zinazohamishia kazi zote za mtu humo.

Kwa biashara yako ningeshauri zaidi. Tenga kompyuta moja ya zamani iwe ya kupokelea flashi, na uiwekee Ubuntu, mfumo usiolipiwa hata senti. Vijiprogramu hivi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo humo havifanyi kazi, na yale mafolda yaliyofichwa utayaona waziwazi. Ukitoa humo faili la PDF na kulipeleka kwenye mashine ya kuchapia, mteja atasubiri dakika mbili zaidi tu. Tena, ukishamchapia fomu ya mkopo, futa nakala yake. Fomu hizo hubeba taarifa za watu kama majina ya wazazi na namba za vitambulisho, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huna sababu ya kuzirundika kwenye kompyuta inayoguswa na kila mpita njia.

SWALI: Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika. Fundi aliniwekea Windows 10 na programu za ofisi bila malipo ya leseni, akazima masasisho kwa kuwa yanamaliza bando, na akaniambia antivairasi aliyoiweka inatosha. Je, ni kweli? (Mwalimu, Makambako)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Si kweli, ingawa kuhusu bando fundi wako ana hoja. Ninachokihofia ni namna alivyoziweka programu hizo. Vile vifaa vya kuvunjia kufuli la leseni kwa kawaida havikubali kufanya kazi mpaka ulinzi wa Windows uzimwe kwanza, na mtu aliyekwisha kuzima ulinzi kwa mkono wake, akaendesha kwa mamlaka ya msimamizi programu asiyejua imeandikwa na nani, hana tena cha kuuliza kirusi kilipitia wapi. Nami niliwahi kufanya hivyo miaka ya nyuma kwa ajili ya programu ya kuhariri picha, na baada ya wiki moja akaunti yangu ya barua pepe ilikuwa ikiwatumia matangazo ya dawa watu wote ninaowafahamu, akiwamo mchungaji wetu. Kwa kazi zako za darasani LibreOffice inatosha, ni ya bure kihalali, na inafungua nyaraka za Word na Excel.

Kuhusu masasisho, tarehe zinajieleza. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani la Windows, na tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu kwa kufuli na kudai fedha katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa katika ile miezi miwili hazikupitika. Badala ya kuzima kila kitu, iambie Windows kwamba mtandao wa simu yako ni wa kulipia kwa kipimo (metered connection). Hapo haitapakua masasisho makubwa bila ruhusa yako, nawe utayapakua ukifika penye Wi-Fi. Shida iliyobaki ni kwamba masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, na kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa cha usalama kinachodaiwa na Windows 11, hivyo muulize fundi kama yako inacho kabla hujamlipa tena.

SWALI: Kikundi chetu cha wakulima wa parachichi kilikuwa kinaandikiana na mnunuzi kwa barua pepe. Tukiwa tunasubiri malipo, mnunuzi akatujulisha kwamba amekwisha kulipa kwenye akaunti mpya tuliyompa. Sisi hatukumpa akaunti yoyote mpya. (Mweka hazina, Tukuyu)

JIBU: Pole sana, Mama. Kwa maelezo yako, mtu alikuwa ndani ya sanduku lenu la barua pepe au la mnunuzi, akisoma kimyakimya hadi fedha zilipokaribia. Wizi wa namna hii hauhitaji hata kirusi, nywila iliyovuja inatosha. Mwambie mnunuzi aiarifu benki yake leo hii, kwa sababu fedha zinaweza kuzuiwa kabla hazijatolewa, nanyi mripoti polisi mkiwa na barua zote bila kufuta hata moja, kwani makosa haya yamo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kisha kagueni sanduku lenu. Badilisheni nywila na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na ithibati ya pili kama namba inayotumwa kwenye simu, lakini msiishie hapo. Ingieni kwenye mipangilio mtazame kama kuna agizo la kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani msiyoijua, au kichujio kinachoficha barua zenye neno kama "malipo". Mwizi akiacha agizo hilo ataendelea kusoma hata baada ya nywila kubadilishwa. Linganisheni pia anwani ya barua iliyotaja akaunti mpya herufi kwa herufi, maana mara nyingi huwa imetofautiana na yenu kwa herufi moja tu. Na tangu sasa kubalianeni na wanunuzi wote kwamba namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe mpaka watu wazungumze kwa simu, kwa namba waliyokuwa nayo tangu mwanzo na si ile iliyoandikwa ndani ya barua yenyewe.

SWALI: Napokea kila siku ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Nikiufuta inatosha? (Msomaji, Soweto, Mbeya)

JIBU: Kabla ya kuufuta, usambaze kwenda namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitenga kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu, nawe utajibiwa utume namba ya aliyekuandikia. Usimjibu mwenyewe hata kwa matusi, kwani hapo atajua kwamba laini yako ina mtu. Ukiwa na nafasi piga pia *106# uangalie ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa laini hiyo ukaifunge.