Papai peke yake halitoshi

Swali la wiki hii lilitoka kwa mama wa mtoto wa miaka 3. Mwanawe hukaa siku nne bila kwenda haja kubwa, na akienda hulia, choo kinatoka kikubwa na kigumu kama jiwe. Amempa papai wiki nzima hakuona tofauti. Anauliza: ampe chakula gani kingine?

Dada, papai si kosa, na usiliache. Ila umeliachia papai kazi ya kufidia siku nzima ya vyakula vyeupe. Tuihesabu siku ya kawaida ya mtoto wa hapa Lamu. Asubuhi hamri moja na kikombe cha chai ya maziwa. Saa nne biskuti au kripsi za dukani. Mchana wali kwa mchuzi wa samaki, na mchicha uko kwenye sinia lakini yeye anausukuma pembeni. Jioni chai tena na bofulo. Usiku wali uliobaki. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa hazina hata nusu gramu ya nyuzinyuzi, yale makapi ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuyayeyusha na ndiyo yanayoshika maji na kukifanya choo kiwe laini. Samaki hana kabisa, maziwa hayana kabisa. Kanuni ya zamani ya wataalamu wa watoto ni umri kujumlisha 5, yaani mtoto wa miaka 3 apate angalau gramu 8 kwa siku. Uingereza wanapendekeza gramu 15 kwa watoto wa miaka 2 hadi 5. Siku niliyoieleza inampa kama gramu 4. Kipande cha papai cha gramu 100 kinaongeza chini kidogo ya 2.

Jambo la pili ni woga. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji kwenye mabaki ya chakula, na kadiri yanavyokaa humo ndivyo yanavyokauka. Choo kigumu kikimchubua mtoto mara moja tu, anajifunza: haja ikija, kaza. Ndiye huyo unayemkuta amejificha nyuma ya pazia, amesimama kwa ncha za vidole, miguu ameibana, uso umemwiva. Watu hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Choo kinabaki ndani, kinakauka zaidi, kinakua, na safari ijayo inauma kuliko ya kwanza. Wiki zikipita namna hiyo, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka hata mtoto asihisi tena kwamba imejaa. Kwa hiyo chakula unachokitafuta ni cha kulainisha choo kila siku, kwa miezi, mpaka mwili na akili ya mtoto visahau yale maumivu. Kitu cha kumharisha mara moja kitakupa siku moja ya nafuu, halafu mnarudi palepale.

Kabla ya kubadilisha chakula, angalia kama hajaziba. Mlaze chali, umpapase polepole chini ya kitovu, hasa upande wake wa kushoto. Ukikuta kitu kigumu kama kamba yenye mafundo, au ukiona chupi inachafuka choo chepesi bila yeye kujua, mpeleke kliniki kwanza. Hicho choo chepesi kinapita pembeni ya kile kigumu kilichokwama. Wengi hukidhania kuharisha, wakampa mtoto dawa ya kufunga tumbo, wakamzidishia. Kliniki watampa dawa ya kulainisha kama laktulosi, kwa kipimo cha uzito wake. Mtoto aliyeziba ukimjaza mbaazi na matunda utamletea gesi na maumivu tu; chakula hakiondoi kizibo.

Akishakuwa wazi, anza na mlo wa asubuhi, maana hapo sisi watu wa pwani jibu tunalo tayari: mbaazi. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa zina nyuzinyuzi gramu 6 na zaidi. Zichague, zioshe, ziloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji ya kulowekea, kwa kuwa kuloweka na kumwaga hupunguza zile sukari zinazoleta gesi. Chemsha kwa maji mapya mpaka punje ukiibana kwa vidole viwili ipondeke bila kuacha kiini kigumu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mtu mzima anazila zikiwa na ugumu kidogo, mtoto huzitema. Tia tui jepesi lichemke, kisha tui zito kidogo, chumvi kiasi tu, pilipili hapana. Chota ya mtoto, iponde kwa mwiko. Usiichuje, maganda ndiyo unayoyataka. Hamri lake mwachie, achovye. Siku tatu za mwanzo kijiko kikubwa 1, siku tatu zinazofuata 2, hadi ufike 4. Vijiko vikubwa 4 vilivyojaa, kama gramu 80 hivi, vinampa gramu 5 hivi za nyuzinyuzi, yaani zaidi ya nusu ya zile 8 kabla hajatoka nyumbani. Ukianza na vijiko 4 siku ya kwanza tumbo litajaa upepo, na yeye hatazitaka tena.

Asiyetaka mbaazi kabisa apewe kunde au pojo kwa njia ileile. Uji wa wimbi nao ni mzuri kama unga haukuchekechwa. Unga ukishachekechwa ukawa laini kama poda, kile ulichokuwa ukikitafuta umekiacha kwenye chekeche. Mkate wa mofa wa mtama ukiupata, mpe huo badala ya bofulo.

Tende ziko karibu kila nyumba, na si za Ramadhani peke yake. Chukua 2 au 3, pasua kila moja, toa kokwa, tazama ndani kama hakuna wadudu, loweka kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa. Baada ya saa 6 hadi 8 ziponde humohumo, umpe rojo pamoja na maji yake. Kwa mtoto wa miaka 3 usimpe tende nzima, inanata na inaweza kumkaba. Baada ya hapo msugue meno, kwa sababu tende hukaa kwenye jino kama gundi.

Upande wa matunda, papai liwe limeiva hasa, rangi ya chungwa mpaka karibu na ganda. Embe la msimu, chungwa linaloliwa na nyama yake badala ya kukamuliwa, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa bila kulundikiwa sukari, vyote vizuri. Pera lina nyuzinyuzi nyingi, gramu 5 hivi kwa kila 100, lakini kwa mtoto ambaye bado choo ni kigumu liponde uchuje mbegu. Mbegu nyingi zikimezwa bila kutafunwa zinaweza kushikamana kule mwisho zikawa kizibo kipya. Ndizi ina mambo yake. Iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi haina neno. Ile ambayo bado ina ukijanikijani ina wanga usioyeyuka upesi, na wengine inawafunga. Tikiti maji linampa maji, nyuzinyuzi kidogo sana.

Mchana usiupige vita wali. Punguza upawa mmoja, mahali pake weka kiazi kitamu kilichochemshwa au kipande cha boga, na mboga ya majani au bamia iliyokatwa ndogondogo ndani ya mchuzi wa samaki, isiwe pembeni. Mboga iliyo pembeni mtoto anaiona; iliyo ndani ya mchuzi anaila.

Sasa maziwa. Mtoto wa umri huu zinamtosha mililita 400 hadi 500 kwa siku, kama vikombe viwili vya chai, ukihesabu na yale yaliyo kwenye chai na uji. Akizidisha, tumbo linajaa na hamu ya chakula inakatika, halafu mama anaona mtoto hali chakula, anamwongezea maziwa. Mzunguko huo ni wa kawaida mno na haufai. Kwa watoto wachache maziwa ya ng'ombe yenyewe ndiyo yanayowafunga. Hilo hupimwa kwa kuyaacha kwa wiki 2 hadi 4, lakini lifanywe pamoja na watu wa kliniki ili mtoto asikose chakula. Chai ya rangi mtoto hana haja nayo, inazuia mwili kupata madini ya chuma.

Maji ni lazima yaende na nyuzinyuzi, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji hugeuka tofali. Jumla ya vinywaji vyote iwe lita 1 hivi, maziwa yakiwemo, na wakati wa kaskazi, jua linapochoma na mtoto anatoka jasho kutwa, ongeza. Mpe kidogo kidogo, yaliyochemshwa, tangu anapoamka. Mkojo ukiwa na rangi hafifu, yanamtosha. Kumlazimisha zaidi ya hapo hakulainishi choo, kunaongeza mkojo tu. Maji ya dafu ni badala nzuri ya soda na juisi za pakiti.

Saa ya choo ina uzito sawa na chakula. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamka, kwa hiyo dakika 15 hadi 30 baada ya mbaazi za asubuhi mketishe kwenye poti dakika 5, zisizidi 10. Nyayo zikanyage chini au kwenye kigoda, magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Kuchuchumaa ni mkao mzuri kabisa, ila shimo la choo cha nyumbani ni kubwa machoni pa mtoto mdogo, na woga wa kutumbukia unamfanya akaze. Mshike mikono au mpe poti. Mwache apulize puto au apige mapovu ya sabuni. Anayepuliza hawezi kukaza vizuri. Akitoa, msifu. Asipotoa, mwinue bila neno. Usimchape wala kumwaibisha mbele ya nduguze kwa chupi chafu, kwa sababu hajui inapovuja. Anayekwenda chuo cha Kurani au chekechea aamshwe nusu saa mapema, na mwalimu aambiwe amruhusu atoke akiomba. Watoto wengi huzuia tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa kuogopa kuomba, au kwa sababu choo cha huko hakipendezi.

Yako mambo nawasihi muyaache. Kipande cha sabuni kuingizwa nyuma, au maji ya sabuni, huunguza ngozi laini ya ndani, na mtoto atazuia zaidi. Mafuta ya mbarika na sanamaki hukamua utumbo kwa nguvu, na kipimo cha mkono hakijui uzito wa mtoto. Mafuta ya kulazimishwa mdomoni yanaweza kuingia mapafuni. Asali kabla ya kutimiza mwaka 1 ni hatari ya kweli: inaweza kubeba vijidudu vya botulisimu, ambavyo sumu yake hulegeza misuli, na dalili ya mwanzo mara nyingi ni huko huko kukosa choo. Kama mtoto anatumia dawa ya kuongeza damu na choo kimekuwa cheusi na kigumu, usiikatishe mwenyewe, uliza kwanza.

Kwa wenye watoto wadogo zaidi: anayenyonya maziwa ya mama tu, akishapita wiki 6 hivi, anaweza kukaa hata wiki bila choo, na kikitoka laini si ugonjwa. Usimpe maji, tende wala kitu kingine kabla ya miezi 6. Anayepewa maziwa ya kopo, kijiko cha unga kifutwe usawa. Kijiko cha kilima kinamfunga. Baada ya miezi 6 papai lililopondwa, vijiko vikubwa 2 au 3, na maji ya kunywa kidogo kidogo pamoja na chakula, hutosha mara nyingi.

Usingoje chakula kifanye kazi, nenda hospitali mara moja, kama mtoto anatapika rangi ya kijani, tumbo limevimba, ana homa, miguu imelegea, choo kina damu zaidi ya mstari mwembamba juu yake, au uzito kwenye kijitabu cha kliniki umesimama. Vilevile kama tatizo lilianza mwezi wa kwanza wa maisha, au alipozaliwa kile choo cheusi cha mwanzo kilichelewa kupita saa 48.

Mama uliyeuliza, andika kila siku kwenye daftari: ameenda au hakwenda, na kilikuwaje. Vibonge kama vya mbuzi ni vikavu. Unachotaka ni kitu laini chenye umbo la ndizi, kisichomliza. Kwa kawaida wiki ya kwanza au ya pili utaanza kuona tofauti, na hapo ndipo watu wengi huacha. Usiache. Endelea miezi 2 hadi 3 baada ya choo kuwa laini, utumbo uliotanuka upate kurudi ulivyokuwa. Kisha punguza tende kwanza, moja kila wiki, ukitazama daftari. Mbaazi na saa ya choo baada ya kifungua kinywa vibaki.