Mume Amegoma, Daftari la Duka Limejaa

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mshauri. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Yeye na wenzake wamegoma kwa wiki ya tatu sasa, kwa kuwa mshahara wao uko palepale ilhali kila kitu kimepanda bei. Tuna watoto wanne na mama mkwe. Mimi nauza maandazi, lakini unga na mafuta vimepanda, na nikiongeza bei wateja hupungua. Mwenye duka ameanza kuulizia deni lake. Mama mkwe anataka nimshurutishe mume arudi kazini. Dada zangu wananiambia niweke bangili rehani. Nishike lipi?
Mama wa Wanne, Jang'ombe

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na bangili: usiziweke rehani kwa ajili ya mchele, kwani mchele utakwisha na deni litabaki. Ziache kwa siku ya maradhi. Kwa mwenye duka nendeni wawili, wewe na mumeo, kabla hajauliza tena. Mwelezeni hali ilivyo na mlipeni kitu kila wiki, hata kikiwa kidogo.

Kuhusu jiko lako, ngano hailimwi visiwani kwetu, na mchele tunaokula mwingi huja kwa meli, hata ule wa mapembe tunaouita wa rahisi; kwa hiyo bei yake hufuata mambo ya mbali ambayo wewe huna uwezo nayo. Muhogo, majimbi na shelisheli hutoka mashamba ya Unguja na Pemba. Najua kwetu mtu huona haya kumwandalia mgeni muhogo, nami naiona haya hiyo kuwa ghali mno kwa nyumba isiyo na mshahara. Punguza maandazi, uza muhogo wa kukaanga, na nyumbani upikeni wa nazi.

Hofu ya mama mkwe naielewa, lakini kumshurutisha mume siungi mkono. Mwaka 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma mwezi wa Agosti, na Septemba mgomo ukaenea mjini, kwa sababu ileile unayoiandika: baada ya vita bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. La kumuuliza mumeo ni kama chama chao kilipitia usuluhishi kwanza, kwa kuwa sheria ya uhusiano wa kazi ya Zanzibar ya mwaka 2005 inatambua haki ya kugoma kwa wanaofuata utaratibu. Ikiwa hawakuufuata, waende Kamisheni ya Kazi mapema, kabla barua za kufukuzwa hazijaandikwa.

Jambo moja hukuliandika, nami nalishuku. Wewe unaamka saa kumi alfajiri. Je, yeye mchana yuko wapi? Ikiwa yuko barazani kwenye bao, mwambie kwa upole kwamba mpishi wa hoteli anajua kukaanga kukushinda wewe, na karai la muhogo linamsubiri.