Gitaa la mtumba lenye tumbo wazi: usikimbilie pikapu mpya

Kaka, pole na hongera kwa gitaa hilo la umeme lenye uwazi ndani ya tumbo. Umesema noti zinatoka nje ya tyuni ukipanda juu ya shingo, na kwamba linavuma vibaya mkipiga benga hapo Kondele, Kisumu. Hela za pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ziweke kwanza.

Kwa shida ya kwanza nashuku daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo. Kwenye magitaa mengi ya aina hii halijafungwa kwa skrubu. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na aliyekuuzia huenda alizitoa zote kwa mpigo, daraja likahama. Weka nyuzi mpya, moja moja, unene wa namba 11 utatosha. Halafu gusa uzi juu ya freti (kile chuma cha kukatiza shingo) ya 12 bila kuubana, upige. Kisha ubane hapo hapo, upige tena. Tyuna, kifaa cha kupimia noti, ikionyesha uliobanwa umepanda, sogeza daraja nyuma kidogo, mbali na shingo. Ukishuka, lilete mbele. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kulisukuma, usije ukakwaruza mbao. Benga inapigwa sana huko juu, kwa hiyo hapa usione uvivu.

Kuvuma ni tumbo kuitikia spika. Simama kando yake, punguza besi, ziba matundu ya tumbo kwa sponji.

Vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti vikitoa mkwaruzo, vipulizie dawa ya kusafishia swichi. Siku ukibadilisha pikapu kweli, fundi wa redio anaweza kulehemu, ila mwambie afunge uzi wa kushonea kwenye kila kifundo kabla ya kukisukuma ndani ya tumbo. Bila huo uzi, kukirudisha kwenye tundu lake ni kazi ya kutoa machozi.