Kiboko Si Amfibia: Kwa Walimu Wangu wa BTP

Wiki hii nimepitia maandalio ya somo ya walimu wanne wa BTP tuliowapokea, yaani wanachuo wa ualimu walio kwenye mazoezi ya kufundisha, Sayansi darasa la tano. Watatu wameandika: "Amfibia ni wanyama wanaoishi majini na nchi kavu. Mifano: chura, mamba, kobe, kiboko." Kiboko, mnyama anayenyonyesha! Nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikanyamaza, maana andalio hilo mimi mwenyewe nimewahi kuliandika. Haya, sogezeni viti.

1. "Majini na nchi kavu" ifuteni kabisa. Hiyo ni anwani ya mnyama. Mnyama tazameni ngozi yake, anavyopumua na anavyozaliana. Amfibia ana ngozi laini yenye unyevu, isiyo na magamba. Mayai yake hayana ganda, na mtoto huanza kama kiluwiluwi apumuaye kwa matamvua.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa shule ya pwani, watoto wa wavuvi watupu. Mtihani wa muhula nikauliza: kasa yumo katika kundi gani? Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema amfibia, kwa kuwa anaogelea kisha anapanda ufukweni. Darasa zima wakaandika kama nilivyowafundisha. Binti mmoja akaandika reptilia. Nikamwekea kosa kwa kalamu nyekundu, kubwa, la mtu anayejiamini.

Mapumziko akaja ofisini na karatasi yake. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, kiluwiluwi wa kasa anakaa wapi?" Walimu wenzangu walikuwepo, wanasikiliza. Nikamwambia arudi darasani aache ubishi. Akasema asante mwalimu, akaondoka. Ile asante bado inaniuma.

Likizo ilipoanza, babu yake akanialika ufukweni jioni. Kulikuwa na kiota cha kasa kilichotimiza karibu miezi miwili. Mchanga ukaanza kutitia, vikatoka vitoto kwa makumi, kila kimoja na gamba lake na mapezi yake, vikakimbilia baharini. Vimeanguliwa mchangani vikiwa na mapafu, vimekamilika. Mzee akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hapo kiluwiluwi ni yupi?" Binti kasimama pembeni na ndala zake mkononi. Alikuwa ananitazama mimi, hatazami kasa.

Swali lile lilikuwa na alama mbili. Yeye alikuwa wa pili, kapitwa kwa alama moja. Zawadi ya wa kwanza, madaftari na rula, ilikuwa imeshatolewa mstarini siku ya kufunga shule. Tulipofungua nikamfuata mwalimu wa taaluma, tukarekebisha daftari la alama kimyakimya. Kumwomba radhi mbele ya darasa nilikuwa nangoja siku nzuri. Barua ya uhamisho ikaja kwanza.

2. Kiswahili chetu kitamu lakini kwenye somo hili kinatutega. Nyumbani kila kidogo kinachotambaa ni "mdudu": nge, buibui, tandu, jongoo, hata minyoo ya tumboni. Ubaoni mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Buibui ana minane na sehemu mbili, kwa hiyo hayumo. Na pweza, hata kama tunamnunua soko la samaki, ni moluska, jamaa wa konokono. Msimcheke mtoto anayemwita samaki. Mama yake ndivyo anavyomwagiza.

3. Nyoka ana uti wa mgongo, tena pingili kwa mamia. Ulaini wake usiwapoteze mkamweka na minyoo.

4. Zana. Chukueni mfupa wa changu jikoni na ganda la kaa, mviweke mezani. Mmoja mifupa yake iko ndani, mwingine kavaa mifupa nje. Picha ya kubandika itasubiri.

5. Kwenye nukuu za somo andikeni "aghalabu". Niliwahi kusema samaki wote hupumua kwa matamvua tu, mtoto aliyehamia kutoka Mwanza akanyoosha kidole: "Na kamongo?" Kamongo ana mapafu, ukimzuia asipande juu kuvuta hewa anakufa majini, na ni samaki. Nikajifariji kwamba amfibia angalau wote wanataga. Kumbe chura wa Kihansi, yule mdogo wa maporomoko, anazaa vitoto hai, hakuna kiluwiluwi cha kuogelea majini. Huyo mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, wakabaki waliokuwa wakifugwa Marekani, kisha wakarudishwa kwao. Mkiulizwa swali msilolijua, semeni "tutalitafuta", na kweli mlitafute.

Maandalio nimeyarudisha kabatini, rafu ya chini. Nayataka mezani kesho kabla ya kipindi cha kwanza, na kiboko awe ameshahamia kwa mamalia.