Kilima, Msitu na Nauli ya Kurudi

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka jambo moja: asiye na gari aende wapi hapa Uganda akatembee, na jioni awe amerudi. Mtaona nasisitiza mno usafiri wa kurudi. Ni kwa sababu kwenda humshinda mtu mara chache. Kinachowaponza wengi ni jioni.

Nafanya kazi Kampala siku sita kwa wiki, nabaki na Jumapili tu. Nianzie wapi? Wenzangu wote wanasema Mabira.

Mabira utaenda, ndugu yangu, lakini anza na Mpanga. Ni msitu mdogo, kama hekta 450, kwenye barabara ya Masaka, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini. Panda taksi (hapa Uganda ndiyo basi dogo la abiria) inayoelekea Masaka, umwambie kondakta akushushe Mpambire, mbele kidogo ya Mpigi. Huwezi kupapita: ni pale ngoma zinapouzwa kando ya barabara, kubwa zimepangwa chini, ndogo za watoto zinaning'inia vibandani, na ngozi za ng'ombe zimewambwa zikauke juani. Mafundi hawakasiriki ukisimama kuangalia, ila ukigusa ngoma jiandae kutajiwa bei.

Kutoka hapo unaingia msituni kwa miguu, si mbali. Watafiti wamekuwa wakifanya kazi humo tangu miaka ya 1950, na vijia vyake ni vya kueleweka, ardhi haina milima ya kukutoa pumzi. Saa mbili au tatu zinatosha. Ninachokipendea zaidi ni kwamba uko jirani na barabara kuu. Ukitoka tu, unanyoosha mkono. Ila toka kabla ya saa kumi alasiri. Foleni ya kuingia Kampala kutokea Masaka Jumapili jioni haina huruma.

Jumapili nyingine nenda Mabira, barabara ya Jinja, ushukie Najjembe. Kondakta anaweza kukutoza nauli ya mpaka Jinja, na usipoteze asubuhi yako kubishana naye. Patana kabla ya kupanda. Huu ni msitu mkubwa, kama kilomita 300 za mraba, na una kima wa mashavu ya kijivu ambao mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona. Unapotembea humo kumbuka kwamba Aprili 2007 watu walikufa Kampala katika maandamano ya kupinga sehemu yake kugeuzwa mashamba ya miwa. Kiingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ukimaliza, kuku wa mshikaki na gonja, yaani ndizi mbivu, ya kuchoma viko pale pale barabarani.

Nina watoto wa miaka mitano na minane. Tutaweza?

Mnaweza, mama, lakini msituni bado. Wapeleke bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898. Taksi za Entebbe hazikauki, kuna nyasi za kukimbilia, mbega juu ya miti, na ziwa liko pale chini. Waangalie ziwa, wasiingie majini, kichocho kipo. Na ukichukua boda kutoka stejini, usikubali kupakiwa nyote watatu juu ya moja.

Tuko Bungoma, Kenya, vijana sita. Tunataka kuvuka asubuhi, tupande mlima, tulale nyumbani. Je, Tororo inafaa?

Inafaa kuliko mahali pengine popote kwenu. Mwamba wa Tororo unauona mjini kote, umesimama peke yake, kilele chake kikiwa mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Ni kilichobaki cha volkano ya kale: mawe laini ya pembeni yamemomonyoka, roho ngumu ya katikati ikabaki. Kupanda ni kama saa moja kwa mtu asiye na haraka. Sehemu za juu zina ngazi za chuma, na hapo ndipo vijana sita hugeuka watatu, kwa hiyo anayeogopa urefu aambiwe mapema. Kukiwa hakuna ukungu mtauona Mlima Elgon upande wa kaskazini.

Vukeni Malaba mapema. Raia wa Kenya anapita kwa kitambulisho cha taifa, lakini bebeni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Badilisheni pesa kidogo, maana mpokeaji wa kiingilio pale chini hatataka kupiga hesabu za sarafu mbili. Kutoka mpakani hadi Tororo mjini ni mwendo mfupi kwa taksi.

Sasa jambo la maana kuliko yote: radi. Tororo inajulikana tangu zamani kwa ngurumo, na mawingu hupenda kukusanyika baada ya adhuhuri. Juu ya jiwe tupu, umeshika ngazi ya chuma, si mahali pa kungojea mvua. Anzeni saa mbili asubuhi, saa tano muwe mmeshuka mnakula rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, mjini. Mkiamka mkakuta mbingu imeshafunga, msipande.

Nimeona picha za maporomoko ya Sipi. Nikitoka Kampala saa kumi na moja alfajiri, nitarudi siku hiyo hiyo?

Utarudi umechoka, na ulichokiona zaidi ni kiti cha mbele yako. Kampala hadi Mbale pekee ni zaidi ya kilomita 200, na Sipi iko mbele zaidi, upande wa Kapchorwa. Lala Mbale. Asubuhi panda taksi ya Kapchorwa. Barabara ni ya lami na inapita Sipi kwenyewe, huna haja ya kukodi gari.

Maporomoko ni matatu, na lile la chini, linalopigwa picha sana, linaanguka kama mita 100. Mzunguko wa yote matatu unachukua saa tatu au nne, ukipita katikati ya mashamba ya watu: migomba, kahawa, maharage, na mara nyingine uani kwa mtu kabisa. Salimia. Kama miguu yako si ya milima, fanya la chini pekee, lakini ujue kwamba kushuka ndiko rahisi. Unalipia wakati wa kupanda.

Msimu wa mvua, kwa maana ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, udongo wa kule huteleza vibaya. Miteremko ya Elgon pia huporomoka, kama ilivyotokea Bulambuli Novemba 2024. Ikiwa mvua imenyesha usiku kucha, ahirisha.

Lazima nichukue mwongozaji? Naona ni kutafuta kula tu.

Ni kutafuta kula, na ni haki yao. Sipi vijia vinapita kwenye ardhi ya watu, na mwongozaji wa pale ndiye anayekufungulia njia. Kosa ni kuanza kutembea kabla ya kutaja bei. Uliza jumla: pamoja na kiingilio, pamoja na wale watakaosimama njiani wakidai ada ya daraja. Mkikubaliana, lipa mwisho.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Fort Portal. Magoti hayataki vilima.

Shikamoo mwalimu. Bigodi ni yako. Panda gari za Kamwenge, zinakatiza msitu wa Kibale na kukushusha kijijini. Matembezi ni kuzunguka kinamasi, sehemu nyingine juu ya mbao, taratibu, huku mwongozaji akikuonyesha ndege na nyani. Chama cha wanakijiji kimeendesha shughuli hiyo tangu 1992, na mapato yake yamesaidia shule ya sekondari ya pale, jambo ambalo wewe utalithamini kuliko mimi. Nenda asubuhi na uvae gambuti; ukiomba, mara nyingi utaazimwa.

Ni salama kwa mwanamke kwenda peke yake?

Dada, njia zote nilizotaja wanawake huzitembea. Lakini msituni nisingeingia peke yangu hata mimi mwanamume. Ndani ya Mabira chukua mwongozaji wa ofisini, si kijana aliyekufuata kutoka stejini. Mwachie mtu nyumbani jina la mahali na saa unayotarajia kutoka.

Na nikikosa gari la kurudi?

Jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na moja uwe barabarani. Usisubiri pale kijia kinapotokea. Sogea kwenye senta, penye taa, maduka na watu. Taksi iliyojaa haisimami, basi la masafa hupita bila kukutazama, na gari binafsi lenye mwanamume mmoja anayekuita kwa jina la "rafiki" liache liende. Ikifika saa mbili hujapata, uliza gesti kwa mwenye duka, mpigie simu bosi wako, ulale.