Maswali ya mafundi: kabla hujagusa taima, pima mwanga

Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia ni ya sensa za mwanga, hizi zinazokaa pembeni ya konveya zinapiga mwali na kungoja zione kama umekatwa. Nimechagua machache. Yametoka viwanda tofauti kabisa lakini karibu yote yana ugonjwa mmoja: sensa ikianza kusumbua fundi anakimbilia taima, yaani ule muda wa kuchelewesha sensa kuwasha au kuzima, na nguvu ya mwanga hakuna aliyeitazama.

*Salaam Mwalimu. Niko kiwanda cha maji ya kunywa huku Namanve. Konveya yetu ina sensa upande mmoja na rifleta (kile kioo cha kurudisha mwali) upande wa pili, inahesabu chupa za nusu lita zikishafungwa vifuniko. Chupa moja inahesabiwa mbili, si zote lakini nyingi. Nikaingia kwa menyu nikaweka icheleweshe kuzima kwa milisekunde 100, ile ya mbili mbili ikaisha, ila sasa chupa zikija zimekaribiana zinahesabiwa kama moja. Nishushe mpaka ngapi, ssebo?*
*Fundi wa zamu, Namanve*

Ndugu yangu, hiyo namba unayoitafuta haipo, na ngoja nikuonyeshe kwa hesabu ili usipoteze zamu nyingine unabonyeza menyu.

Tuseme konveya inaenda nusu mita kwa sekunde, chupa ina upana wa milimita 65 na kati ya chupa na chupa kuna milimita 20. Maana yake chupa inakaa mbele ya mwali milisekunde 130 na nafasi inapita kwa milisekunde 40. Sasa chupa yako ni ya plastiki angavu tena imejaa maji, ubavu wa mbele unapinda mwanga sensa inaona giza, katikati mwanga unapita, halafu ubavu wa nyuma giza tena, na hapo ndo mbili zako zinatoka. Ukichukua kila ubavu kama milimita 10, ile katikati inayopitisha mwanga ni milimita 45, yaani milisekunde 90. Ili taima izibe lile pengo la katikati lazima ipite 90, na ili isiunganishe chupa mbili lazima iwe chini ya 40. Hakuna namba iliyo juu ya 90 na wakati huohuo chini ya 40! Spidi yenu ikiwa nyingine namba zitabadilika zote pamoja lakini ugomvi unabaki palepale.

Kwa hiyo rudi kwa mwanga. Kama sensa yako ina kiskrini, soma namba wakati hakuna chupa, halafu simamisha chupa uisogeze kidogokidogo kwa mkono ukisoma kila mahali. Mfano utakuta bila chupa ni 1000, ubavuni 300, katikati 820. Kama kizingiti, yaani namba ambayo mwanga ukiwa chini yake sensa inasema kuna kitu, kiko 500 basi 820 kwake ni sawa na hakuna kitu. Ukikipandisha mpaka 910 chupa yote inakuwa giza kuanzia ubavu hadi ubavu, na hapo taima unaweza kuizima kabisa. Ila sikiliza hapa vizuri, hii inafanya kazi tu kwa sensa iliyotengenezwa makusudi kuona vitu angavu. Sensa ya kawaida ina nafasi kati ya pale inapowasha na pale inapozima, imewekwa makusudi isitetemeke, na ile nafasi inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti yako ya 1000 na 820. Halafu vumbi au matone yakikaa kwa rifleta ile 1000 inashuka yenyewe taratibu, ikifika 900 sensa inaamini kuna chupa milele. Zile za vitu angavu nzuri zinafuata huo ushukaji na kusogeza kizingiti zenyewe, ndo maana bei yake inapanda, na kwa laini ya maji mimi naona inastahili.

Lakini wewe umesema mnahesabu baada ya kufunga. Basi kwa nini upige mwali kwenye tumbo la chupa? Inua sensa na rifleta yake upige kifuniko. Kifuniko kina rangi, hakipitishi mwanga, na kwa sababu ni chembamba kuliko chupa nafasi kati ya kimoja na kingine inakuwa kubwa zaidi. Kikiwa na milimita 30 kwa spidi ileile unapata giza safi la milisekunde 60 na mwanga wa milisekunde 110. Mabano mawili na dakika chache za spana. Ningeanza na hiyo kabla ya kuomba bosi sensa mpya.

*Mwalimu, sisi tunakoboa na kufungasha kahawa Mbale. Tuna sensa ya jozi, moja inatuma moja inapokea, umbali kama mita nne, inatazama magunia. Asubuhi iko poa. Ikifika saa tisa mchana inasema kuna gunia na hakuna. Tukifuta lenzi inapona mpaka kesho. Meneja anataka tuongeze dilei, eti inatetemeka.*

Hapana, mwambieni kwa heshima kwamba dilei, yaani kuichelewesha sensa kwa taima, itawaficha ugonjwa kwa siku chache halafu mchana mmoja laini itasimama kabisa. Nyinyi wenyewe mmeshajibu swali, mkifuta inapona. Ingekuwa jua linaingia kwa ile bati ya plastiki ya kupitisha mwanga juu ya paa, kufuta kusingesaidia, mngehitaji kuikinga ile ya kupokea au mzibadilishe pande, ya kutuma ikae upande unaotazama jua.

Kitu cha kujua ni akiba ya mwanga. Sensa ina kiasi kidogo kabisa cha mwanga inachohitaji ili iwashe, hicho tukiite 1. Mwanga unaofika ukiwa mara tano ya hapo, akiba yako ni 5. Kipimo ambacho mafundi wengi wanatumia ni hiki: hewa safi kabisa akiba ya 1.5 inatosha, vumbi dogo utafute 5, vumbi la wastani 10, na pale ambapo kila kitu kinafunikwa, 50. Mahali pa kukoboa kahawa yale maganda makavu yanaruka kila upande, mimi singekubali chini ya 50. Sasa nyie mkiwa na 5 hivi asubuhi, kufika mchana vumbi limekula nne, imebaki 1, hapo sensa iko juu ya kisu, ikitikisika kidogo inaangukia upande mbaya. Kutetemeka anakokuona meneja ndo huko.

Dawa ya kwanza ni kusogeza. Sensa ya jozi ukipunguza umbali nusu mwanga unaofika unakuwa mara nne, kwa hiyo kutoka mita nne mpaka mbili ile 5 inakuwa 20 bila kununua kitu. Ya pili ni kunyoosha, wengi wanafunga sensa mpaka taa inawaka wanaondoka, kumbe mwali uko pembeni wanapata makombo ya mwanga tu. Legeza mabano, sogeza juu chini kushoto kulia mpaka namba au vile vijitaa vifike juu kabisa, ndo ukaze. Kama hakuna skrini tazama taa ya kupokea, kwenye sensa nyingi ikiwa inapepesa badala ya kuwaka imetulia inakuambia akiba imebaki kidogo, soma karatasi yake uhakikishe. Zingine zina waya wa ziada wa kutoa onyo hilo kwa PLC (ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine), kama upo uunganishe kwa taa ya njano mahali opereta anaona, ili afute lenzi kabla laini haijasimama. Na kufuta ni kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, spiriti na thina zinatia ukungu lenzi za plastiki na ule ukungu hautoki tena.

Onyo moja kwa upande wa pili. Msipandishe nguvu mpaka mwisho mkasahau. Gunia la kahawa la kilo 60 likijaa halipitishi kitu, lakini karatasi au mfuko mwembamba mwali wenye nguvu sana unapenya na sensa haioni kitu kimepita. Nguvu ikishapanda, wekeni kitu chembamba kuliko vyote mnavyopitisha hapo mbele, mhakikishe bado inaona giza.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi niko mafunzo kazini Jinja. Nimeweka dilei ya kuwasha ya sekunde 2 ili sensa ipige kengele boksi likikwama, lakini inapiga boksi linapofika tu, halafu likiondoka kengele inaendelea kidogo ndo inazima. Nimekosea wapi?*

Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili, na wakubwa wengi linawapiga chenga. Dilei ya kuwasha haijui boksi. Inajua waya wa kutoa ishara tu, yaani ule mweusi kwenye sensa nyingi. Inachelewesha waya kuwaka, basi.

Sasa sensa yako na rifleta inaweza kuwekwa namna mbili, iwake ikiona mwanga au iwake ikiona giza, mara nyingi utakuta herufi L (light, mwanga) na D (dark, giza). Ikiwa kwenye L, pakiwa patupu waya umewaka, boksi likifika unazima. Na kengele yako bila shaka mliiunganisha ipige waya ukizima. Kwa hiyo boksi likifika waya unazima papo hapo, kengele hapo hapo, boksi likiondoka zile sekunde 2 ndo zinahesabiwa kabla waya haujawaka tena. Umepata kinyume cha ulichotaka na sensa haina kosa. Weka kwenye D, geuza na kengele ipige waya ukiwaka, halafu sekunde 2 zitahesabiwa boksi likiwa mbele. Na hizo 2 zimetoka wapi? Boksi la milimita 400 kwa nusu mita kwa sekunde linapita kwa milisekunde 800, kwa hiyo 2 ni sawa, imepita boksi refu kuliko yote na bado haijachelewa sana. Uhakikishe hakuna boksi refu zaidi linalopita siku zingine.

Umeuliza pia kwa nini PLC haioni kitu kidogo kinachopita haraka wakati taa ya sensa unaiona inamweka. Ingizo la PLC lina kichujio kinachopuuza ishara fupi mno, na programu nayo inazunguka kwa muda wake. Kitu kikipita kwa milisekunde 3 na kichujio ni 10 kinaliwa hapohapo. Hapa taima ndo mahali pake halali kabisa: chagua ile ya pigo moja, ambapo kila kitu kikikata mwali sensa inatoa pigo la urefu uleule, tuseme milisekunde 30, PLC inalipata bila shida. Ila pigo liwe fupi kuliko muda kati ya kitu na kitu, la sivyo cha pili kinapita la kwanza halijaisha.

Kwa yule wa Mbarara aliyeuliza kama umeme ukikatika mipangilio inafutika: ile uliyoifundisha sensa kwa kubonyeza kitufe kwa kawaida inabaki, imehifadhiwa ndani. Kinachokusumbua umeme ukirudi ni kwamba sensa inakaa kidogo kabla ya kutoa jibu la kuaminika, na PLC yako inaanza kusoma mapema. Weka subira ndani ya programu ya PLC.

*Mwalimu, tuna mashine ya kukata karatasi Nasser Road, ya zamani, zile batani mbili za kubonyeza kwa mikono yote zinachosha vijana. Nataka kuweka sensa ya mwanga mbele ya kisu, mkono ukiingia isimame. Nimepata moja nzuri ya volti 24. Niiwekee muda gani isisimamishe mashine ovyo kwa vipande vya karatasi?*

Usiiweke. Nakuomba kabisa kaka.

Sensa ya kuhesabu haikutengenezwa kulinda mkono. Ikiharibika ndani, waya ukabaki umekwama upande wa "hakuna kitu", hakuna atakayejua mpaka kisu kishuke. Vizuizi vya mwanga vya usalama viko chini ya viwango vyake, IEC 61496, vinajipima vyenyewe muda wote na vina mistari mingi ya mwali, na sensa yako moja mkono unaweza kupita juu au chini yake.

Na huo muda unaouliza ndo hatari yenyewe. Viwango vya mashine vinapohesabu umbali wa usalama vinachukua mkono ulio karibu kuwa unaenda mita 2 kwa sekunde. Ukiweka dilei ya milisekunde 100 ili vipande vya karatasi visisumbue, mkono umeshasogea sentimita 20 kabla sensa haijasema neno, na mashine yenyewe bado haijaanza kusimama. Pima sentimita 20 kutoka pale kijana anaposukuma karatasi uone zinaishia wapi.

Batani mbili zibaki, na kama kuna mtu ameshafunga moja kwa selotepu aitoe leo. Kama vijana wanachoka, tafuta fundi anayefanya kazi ya usalama wa mashine, apime kisu kinachukua muda gani kusimama, ndo akuambie kizuizi cha mwanga kikae umbali gani au kama mashine hiyo inafaa kuwekewa kabisa. Nyingi za zamani kisu kikishaanza kushuka hakisimami katikati, na hizo mwanga wowote haukusaidii.